Redio koli ikivuruga gari, au gari likivuruga redio: jinsi ya kusaka chanzo hatua kwa hatua

Gari la utalii lenye redio koli (redio ya mawasiliano) ya VHF, ile ya kuzungumza karibu, kwenye deshibodi, pengine na HF, ile ya kufika mbali, nyuma ya kiti, ni jambo la kawaida Arusha, Karatu au Narok. Malalamiko yake nayo ni ya kawaida. Dereva mmoja anasema redio inapiga mluzi kila akikanyaga mafuta. Mwingine akibonyeza maiki, geji ya mafuta inapanda kana kwamba tangi limejaa na taa ya ABS (ya breki) inawaka. Wa tatu sauti yake inatokea kwenye spika za muziki, wageni wanacheka. Wote watatu wakienda dukani watauziwa kitu kimoja: filta, kifaa cha kuchuja kelele.

Filta ni kitu cha mwisho kununua. Kelele za redio zina njia chache za kupita: antena, nyaya za umeme, au hewani moja kwa moja hadi ndani ya chombo na nyaya zake. Ukishaijua njia, dawa inajitaja yenyewe, na mara nyingi ni msasa, spana na nusu saa ya kazi.

Vitu vya kuwa navyo: mita ya kupimia volti, mita ya SWR (inayoonyesha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena) ya masafa ya redio yako (ile ya redio za CB za megahezi 27 inadanganya kwenye VHF), mzigo bandia wa omu 50 unaofungwa mahali pa antena na kumeza nguvu bila kuirusha, betri ya pembeni ya volti 12, msasa, vipande vya feraiti vya kubana kwenye waya ili kuzuia kelele, na karedio kadogo ka AM ka betri. Hako ka mwisho watu hukadharau, lakini ndiko kanakonusa kelele kuliko vyote.

Kabla ya kuanza

Majaribio yote yafanyike gari likiwa limesimama, breki ya mkono imevutwa, gia iko huru. Usirushe mawimbi ukiwa kituo cha mafuta wala karibu na eneo la kulipulia miamba. Migodini redio huzimwa kabla ya kufika hapo kwa sababu fataki za umeme zinaweza kuitikia. Usibonyeze maiki redio ikiwa haina antena wala mzigo bandia, utaunguza transista za mwisho. Na mtu asishike antena wakati mwenzake anarusha, kwani HF ya wati 100 inaunguza ngozi.

Hatua ya 1: Isikilize kelele vizuri

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fungua kabisa skwelchi ya redio (kinachoinyamazisha pasipo na mtu anayerusha) ili usikie mvumo wa hewa, kisha cheza na ufunguo wa gari na mafuta.

Mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini ni alteneta, inayochaji betri. Ukiusikia kwenye spika yako hata ukiwa hupokei mtu, umepita kwenye umeme wa redio. Ukiwa wewe huusikii lakini wenzako wanakwambia "una mluzi", unaingia wakati wa kurusha, kupitia waya huo huo wa umeme au maiki.

Mapigo ya tik-tik-tik yanayokwenda mbio injini ikienda mbio ni plagi, kama gari ni la petroli. Dizeli haina plagi za cheche. Land Cruiser ya injini ya 1HZ, yenye pampu ya dizeli isiyotumia elektroniki, ni gari tulivu sana kwa redio, ndiyo maana mafundi wengi wa redio wanaipenda. Lakini dizeli mpya zenye injekta za umeme hutoa tik-tik zake, na mtu akizoea 1HZ hushangaa HF yake inavuma akihamia gari jipya.

Mvumo unaoanza ufunguo ukiwashwa kabla injini haijawaka, hasa kwenye gari la petroli, ushuku pampu ya mafuta iliyo ndani ya tangi. Kelele isiyobadilika hata ufanye nini na injini, hiyo ni chaja, taa au inveta, na tutaifikia sasa hivi. Mikwaruzo inayotokea barabara ya vumbi tu na kutoweka gari likisimama, hiyo ni eathi iliyolegea au vyuma viwili vinavyogusana na kuachana.

Kuna jambo moja la VHF la kuzingatia. Redio hizi hutumia FM, na FM kwa asili yake humeza mapigo mengi ya plagi. Kwa hiyo redio inaweza kuwa kimya kabisa na bado masikio yake yameziba: stesheni za karibu zinasikika, za mbali hazipo. Skwelchi imeficha kelele, haijaiondoa. Mjaribu mwenzako aliye mbali, yule unayemsikia kwa shida. Zima injini. Akisikika vizuri ghafla, tatizo ni gari lako, msiendelee kulaumu repita (kituo kinachorusha upya mawimbi yenu).

Hatua ya 2: Chomoa vyote, rudisha kimoja kimoja

Gari la safari la leo limejaa vitu ambavyo hakikuwemo hata kimoja lilipotoka kiwandani: chaja za USB kila kiti, inveta ya kuchajia kamera za wageni, friji, taa ndefu za LED juu ya bampa, kamera ya kioo cha mbele, kifaa cha kufuatilia gari. Karibu kila kimoja kina ndani yake saketi inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na vile vya bei rahisi haviwekewi kizuizi cha mawimbi.

Kuzima kwa swichi hakutoshi. Chaja iliyochomekwa bila simu bado inafanya kazi. Chomoa, na pale isipochomoleka, toa fyuzi. Kelele ikiisha, rudisha kimoja kimoja huku skwelchi ikiwa wazi. Ukishindwa kupata, washa karedio ka AM, kaweke mahali pasipo na stesheni, kapitishe taratibu kwenye deshibodi, chini ya viti, kando ya nyaya. Kanapounguruma zaidi, hapo ndipo.

Kwa maoni yangu inveta na taa za LED ndizo wahalifu wakuu. Chaja mbaya itupe, usihangaike kuiponya. Taa za LED zinaweza kusaidika kwa kubana feraiti kwenye waya wake karibu kabisa na taa yenyewe na kuusogeza mbali na waya wa antena. Zisiposikia, tafuta aina nyingine.

Hatua ya 3: Chomoa antena

Kelele bado ipo. Injini ikiwa inaunguruma, chomoa antena nyuma ya redio, usibonyeze maiki, sikiliza.

Kelele ikitoweka, ilikuwa inaingia kwa antena: chanzo kiko hewani, na dawa yake ni kukinyamazisha chanzo au kuihamisha antena. Kelele ikibaki vile vile, inapita kwenye umeme. Hakikisha kwa kuiunga redio kwenye betri ya pembeni, chanya na hasi vyote viwili, isiguse bodi ya gari kabisa. Ikinyamaza hapo, huna haja ya kubahatisha tena.

Hatua ya 4: Umeme na eathi

Hapa ndipo magari mengi yanaponea.

Redio nyingi huungwa kwenye soketi ya kuwashia sigara au kwenye waya wowote wa deshibodi uliokutwa na umeme. Waya huo unalisha pia feni, wipa na redio ya muziki, na redio koli inasikia mambo yao yote. Zaidi ya hapo, VHF ya wati 50 ikirusha inavuta karibu ampea 12. Ivutie nyaya zake yenyewe hadi kwenye betri.

Unene wa waya si wa kubahatisha. Waya wa shaba wa milimita 4 za mraba, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, ukibeba ampea 12 unapoteza nusu volti. Wa milimita 6 unapoteza theluthi moja ya volti. Tumia huo wa pili kwa wati 50. Kwa wati 25 wa kwanza unatosha. HF ya wati 100 na zaidi inataka mnene kuliko yote miwili. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwenye waya wa chanya, si nyuma ya redio tu. Waya ukichunika njiani na kugusa bodi, fyuzi iliyo nyuma ya redio haitakusaidia, gari litaungua.

Waya wa hasi una swali lake. Kwenye magari ya zamani unaupeleka kwenye nguzo ya hasi ya betri bila shida. Kwenye magari mapya angalia kama kuna kiboksi kidogo kimebanwa kwenye nguzo hiyo: hicho ni kihisi kinachoiambia kompyuta ya gari betri inatumia kiasi gani. Ukifunga redio kabla yake, kompyuta inakosa hesabu na chaji inavurugika. Hapo funga hasi pale ambapo waya mnene wa betri unaingia kwenye bodi.

Sasa pima. Weka mzigo bandia badala ya antena, washa injini, mwambie mwenzako abonyeze maiki. Ncha moja ya mita iwe kwenye kasha la redio, ncha nyingine kwenye hasi ya betri. Ikionyesha zaidi ya volti 0.2, eathi ni mbovu mahali fulani. Fuatilia waya kipande kwa kipande mpaka uone namba inaporuka. Mzigo bandia ni muhimu katika kipimo hiki kwa sababu mita za kidijitali zikikaa karibu na antena inayorusha huonyesha namba za ajabu.

Pengine utakuta rangi. Boliti imefungwa juu ya rangi, au chini yake kuna kutu na vumbi jekundu lililoshikana na grisi. Kwangua mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ili maji yasirudi. Usipake grisi kabla ya kukaza.

Hatua ya 5: Alteneta na plagi

Mluzi ukibaki hata baada ya eathi kuwa safi, pima alteneta. Weka mita kwenye volti za AC, kipimo kidogo, kwenye nguzo za betri, injini ikizunguka haraka kidogo na taa zimewashwa. Alteneta nzima inaonyesha sehemu ndogo ya volti. Ikikaribia nusu volti au kuzidi, daiodi moja ya alteneta (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) imekufa au betri imechoka. Mita za bei ya chini kabisa hazifai kwa kipimo hiki: nyingine kwenye AC husoma umeme wa DC kana kwamba ni AC na kukupa namba kubwa isiyo na maana. Geuza ncha, namba ikibadilika sana, mita ndiyo mgonjwa.

Daiodi mbovu haitibiwi kwa filta. Peleka alteneta kwa fundi.

Kwa petroli, hakikisha plagi ni za aina yenye ukinzani ndani. Kwenye NGK, herufi R katikati ya namba, kama BPR5ES, ndiyo alama yake. Duka likikuuzia isiyo na R kwa kuwa "ni zile zile", HF yako itakuwa ya kwanza kujua.

Hatua ya 6: Ukibonyeza maiki, gari linachanganyikiwa

Huu ni upande wa pili, na una hatari zaidi, kwa sababu injini inaweza kuzima au breki zikatoa taarifa za uongo ukiwa barabarani.

Gari likiwa limesimama na injini inawaka, mtu mmoja arushe kwa nguvu ndogo, kisha kubwa, na mwingine aangalie geji, taa za deshibodi, wipa, kufuli za milango, mlio wa injini. Andika kinachotokea na kwa chaneli ipi, kwa sababu chaneli moja inaweza kuleta vurugu na nyingine isilete. Halafu badilisha antena kwa mzigo bandia na rudia.

Vurugu ikiisha, ilikuwa inatoka kwenye antena au waya wake. Ikiendelea hata kwa mzigo bandia, inapita kwenye nyaya za umeme, au kasha la redio linavuja. Rudi Hatua ya 4.

Tuseme ni antena. Jambo la kwanza ni mahali ilipo. Ukali wa wimbi, unaopimwa kwa volti kwa mita, hupungua nusu kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukitaka punguzo hilo hilo kwa kushusha wati, lazima ushuke hadi robo: kutoka wati 25 hadi 6 na kitu. Kwa hiyo kuisogeza antena kutoka mita 1 hadi mita 2 mbali na nyaya za injini kunakupa faida ileile bila kupoteza mawasiliano. Kwa makadirio, antena ya kawaida ikirusha wati 25 inaleta takriban volti 30 kwa mita ukiwa umbali wa mita 1, na kanuni ya R10 ya Umoja wa Mataifa inayosimamia umeme-sumaku wa magari hupima uvumilivu wao kwa kiwango hicho hicho. Ukiweka wati 50 na antena ikaegemea boneti, umetoka nje ya kile gari lilichopimiwa.

Mahali pazuri kuliko pote ni katikati ya paa la chuma. Taabu ya gari la safari ni kwamba paa lake halipo: limekatwa, limewekwa faiba linalonyanyuka, au turubai. Antena fupi ya robo wimbi, ambayo kwa megahezi 150 ina urefu wa karibu sentimita 48, inahitaji chuma chini yake ndipo ifanye kazi. Ikikosa, inakitafuta mahali pengine: mawimbi yanashuka kwenye gamba la nje la waya wa antena na kuingia nao hadi kwenye deshibodi. Hapo ndipo sauti yako inapotokea kwenye spika za muziki.

Ukiwa na paa la faiba, funga antena kwenye ukingo wa chuma uliobaki, au kwenye keria iliyoungwa kwa chuma na bodi, au weka bamba la alumini chini ya faiba na uliunganishe na bodi. Antena ya nusu wimbi, ambayo haitegemei chuma sana, ni chaguo zuri kwa magari haya. Paa la chuma linalonyanyuka kwa bawaba nalo lisihesabiwe kuwa limeungwa. Bawaba zilizojaa vumbi hupitisha umeme zinapotaka. Lifungie mkanda mpana wa shaba iliyosukwa. Kwa HF fanya hivyo hivyo kwenye boneti na kwenye bomba la moshi, ambalo linaning'inia kwenye raba na ni refu kiasi cha kuwa antena yenyewe. Kwa megahezi 5 wimbi lina urefu wa mita 60, kwa hiyo bodi nzima ya gari ni sehemu ya antena utake usitake.

Kisha waya wa antena. Pima SWR: chini ya 1.5 ni nzuri, ikivuka 2 kuna tatizo, ikifika 3 robo ya nguvu inarudi ilikotoka. Lakini SWR nzuri haimaanishi kila kitu ni kizuri. Waya ulioingia maji humeza nguvu, ya kwenda na ya kurudi, na mita iliyo karibu na redio inakuonyesha raha. Fungua plagi ya mwisho ya waya wa antena uone kama suka la nje limegeuka jeusi au kijani. Kwa barabara za kwetu, plagi hizo zikikazwa kwa vidole tu hulegea. Zikaze, uziangalie kila gari linapoingia gereji. Waya wa antena usifungwe pamoja na nyaya za gari. Ukilazimika kuzivuka, zivuke kwa pembe mraba.

Redio ya mkononi ya wati 5 inayotumika ndani ya kabini inaweza kuvuruga gari kuliko ile ya wati 25 yenye antena juu ya paa. Antena yake iko ndani ya sanduku la chuma pamoja na nyaya zote. Dereva akilalamika kwamba gari linavurugika "wakati mwingine", muulize kama anatumia ya mkononi.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo feraiti na filta

Kwa kilichobaki, bana feraiti kwenye waya wa chombo kinachovurugika, karibu nacho iwezekanavyo: spika, maiki, waya wa umeme wa redio. Kupitisha waya mara mbili au tatu ndani yake kunaongeza nguvu yake sana, hasa kwa HF. Feraiti zinatofautiana: aina ya 31 inafaa HF, ya 43 inapendelea VHF. Filta ya umeme nunua yenye uwezo wa ampea kuzidi zile redio inazovuta, la sivyo itaishusha volti na kuleta ugonjwa mpya.

Malori ya volti 24 yana jambo lao. Redio ya volti 12 inahitaji kibadilishi, na kibadilishi cha bei rahisi ni kelele tupu. Kuna wanaokwepa kwa kuvuta volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Usifanye hivyo, betri hazitachajiwa sawa na utazizika zote mapema.

Taa ya mfuko wa hewa au ya ABS ikiendelea kuwaka ukirusha, acha kutumia redio hiyo ndani ya gari hilo mpaka antena ihamishwe. Vitabu vya magari mengi mapya hutaja wati na mahali pa antena panaporuhusiwa. Kisome kabla ya kutoboa paa. Nguvu nayo isipandishwe kwa ampilifaya: leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), au ya Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, imetaja wati na masafa yako.

Magari yakijazana kwenye simba, redio yako itaziba masikio kila jirani wa mita tatu anapobonyeza maiki. Hilo si hitilafu. Sogea kidogo au subiri amalize.

Jaribio la mwisho ni la barabarani, sehemu tupu na iliyonyooka. Dereva aendeshe tu. Maiki ashike mwenzake, arushe gari likiwa na mwendo, kwenye lami na kwenye vumbi, kwa kila chaneli mnayotumia kazini.